Mpaka Amalize Mtihani

Jumamosi, 2 Novemba

Mama yake Tusekile amefariki alfajiri ya leo, hospitalini. Uvimbe wa tumbo. Baba yake, mzee Eliakim, amekuja kutoka Isansa kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, koti la suti juu ya fulana. Anataka kumchukua mtoto akamzike mama yake. Mlinzi wetu akili humjia kwa zamu, na leo ilikuwa zamu yake — aliniita mimi kwanza, hakumwita mtoto.

Nimemwingiza mzee Eliakim stoo ya vitabu, ambako hakuna dirisha la upande wa mabwenini. Nikafunga mlango. Alilia bila sauti, mabega tu. Nikampa maji, nikamwacha alie mpaka achoke, halafu nikaanza kazi.

Kazi yenyewe naijua. Nilimwambia mtihani wa taifa unaanza Jumatatu ya tarehe kumi na moja. Kwamba Tusekile ndiye anayeongoza kambi nzima ya kidato cha nne. Kwamba akiliona jeneza leo, mtihani ndiyo basi. Halafu nikamuuliza marehemu alikuwa anataka nini. Hapo ndipo pa kumkamatia mfiwa. Akasema alitaka mtoto asome. Akajikaza kidogo, akasema Tusekile ni kifungua mimba, na kwao kifungua mimba ndiye anayetia udongo wa kwanza.

"Udongo utamsubiri, baba," nikamwambia. "Mtihani haumsubiri."

Akaondoka kwa mlango wa jikoni. Hata kumwona mtoto hakumwona.

Na si mimi niliyeanzisha mambo haya. Kila mtu anafanya. Mwaka wa mtihani mtoto hafiwi, anasubiri kwanza amalize ndipo afiwe. Wapo waliotoka chumba cha mtihani wakakuta kaburi limeshaota majani. Wamekua, wameoa, wana kazi zao. Sijasikia aliyerudi kutushtaki.

Mkuu wa shule, Mwalimu Yonathani, alitaka aitwe mchungaji amwambie binti taratibu. Taratibu! Kana kwamba upo utaratibu wa kumwambia mtu mama yake amekufa. Huyu bwana angefaa kuuza maua, tatizo Tunduma hakuna anayenunua maua. Mkurugenzi Andongwisye alipigiwa simu akiwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na malori yake. Hakupoteza muda. "Bwino," akasema, yaani vema, kwa Kizambia chake. "Huyo binti ni wetu mpaka amalize. Madam Ketrina simamia." Ameshaweka picha ya Tusekile kwenye bango la shule pale Mpemba, barabara kuu, kila lori linaloshuka kutoka Mbeya linamwona.

Basi nasimamia. Mimi ndiye mwalimu wa ustawi, si ndiyo? Nilipelekwa semina Mbeya, nikarudi na kabrasha na cheo. Sasa nitawaonyesha ustawi ni nini.


Jumapili, 3 Novemba

Maombi ya kalamu leo. Wazazi walijaa uwanjani kwa vitenge vya sare, kwaya mbili, spika za kukodi zinazokoroma. Kila mtahiniwa ananyanyua kalamu na rula na mkebe, mzazi anamwekea mkono kichwani, mchungaji anaombea vyote pamoja, mtoto na vifaa. Asiye na mzazi anasimamiwa na mwalimu.

Tusekile alikuwa akichungulia getini. Tulishamwambia mama bado tumbo linamsumbua na baba anamuuguza. Alikubali, mtoto mwenye adabu. Alinyanyua kalamu peke yake. Nikaenda nikamwekea mkono mimi.

Shangazi yake Aida alikuwa amenitumia ujumbe asubuhi. Tunazika saa tisa.

Aliomba kwa sauti, mama yake apone. Alimtaja kwa jina, Tabita. Nikasema amina. Nilitaka niseme nini? Nywele zake zilikuwa na harufu ya sabuni ya kipande.

Halafu Mkurugenzi akataka mwanafunzi mmoja aseme mbele ya wageni maisha mema ni nini, maana ndiyo mada yetu ya mwaka, imeandikwa mpaka kwenye vikombe vya chai. Akamteua nani? Tusekile. Binti akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akasema watu husema kustawi ni nyumba na gari. Kwake yeye kustawi ni siku ambayo mama yake atalala mchana bila mtu kumwamsha.

Makofi, vigelegele. Mama mmoja alitoka kwenye kiti akaenda kumkumbatia. Saa tisa ilishapita.

Yonathani alikimbilia chooni. Mimi nilikaa, nikapiga makofi na wenzangu. Nimekula wali wa wageni, na nimeumaliza.


Jumanne, 5 Novemba

Asubuhi paredi, zoezi la gumba. Gumba juu — nina furaha. Gumba pembeni — nipo nipo. Gumba chini — nahitaji mwalimu. Tangu tuanze, hakuna anayeshusha. Anayeshusha anabaki kuzungumza na mimi, na akitoka uji umekwisha. Mkurugenzi anapiga picha magumba yote yako juu, anatuma kwa wazazi. Shule yenye furaha kuliko zote Songwe!

Mchana kipindi cha ustawi. Kabrasha la semina lina swali hili: mtu ana furaha kwa sababu kuna jambo halijui, je, huyo anaishi maisha mema? Ningeweza kuliruka. Yako mengine ya kutosha, ya usingizi, ya kunywa maji. Sikuliruka. Nilitaka kuona.

Dina, rafiki yake Tusekile wa kitanda cha juu, akasema ndiyo, mtu akishafurahi imetosha, ya nini kumchimba. Darasa likakubali. Wana njaa, wangekubali lolote. Tusekile akanyoosha mkono.

"Hapana, madam. Huyo, furaha si yake. Ni ya waliomficha, kwa sababu hawakisikii kilio chake."

Nilimwambia jibu halijakamilika. Nikampa tatu kwa kumi. Alishangaa — hajawahi kupata tatu kwangu. Akaketi akaanza kulitafuta kosa lake daftarini, maskini, ukurasa kwa ukurasa, na mimi nimesimama hapo na chaki.

Na jibu KWELI halijakamilika. Furaha na kustawi ni vitu viwili. Kustawi ni kutimiza kile ulichoumbiwa. Huyu kaumbiwa kufaulu. Mahindi hayaulizi aliyeyapanda yuko wapi, yanaota. Ningemwambia hivyo darasani lakini kengele ililia.

Nilitaka kuona, nimeona. Sasa niache.


Jumapili, 10 Novemba

Siku mbaya. Nusura yote yaharibike.

Jumapili wanapiga simu nyumbani, dakika chache kila mmoja, kwa simu ya matroni. Nilikuwa nimepanga na Aida: apokee yeye, aseme wifi amelala, dawa zimemchosha, afunge. Maneno hayo tu. Mwanamke mzima, ana wajukuu. Akapokea, akasikia sauti ya mtoto ikisema shikamoo shangazi, nipe mama — Aida sauti ikamkatika. Nikamnyang'anya Tusekile simu nikaikata. Nikasema mtandao wa Zambia umeingilia.

Aliniangalia tu. Ana macho makubwa yule, ya kumchosha mtu. Kisha akasema kwa upole kabisa kwamba kesho hataingia chumba cha mtihani mpaka asikie sauti ya mama yake. Hata akiitikia "eh" tu, inatosha.

Nilimwambia asinichezee. Akasema hachezi, madam. Kweli hakuwa anacheza.

Kichwa changu kilikwenda mbio. Nikamshika mabega. Nikamwambia nilikuwa nimeambiwa nisimwambie, lakini basi: mama yake anaendelea vizuri. Amejiwekea nadhiri ya kukaa kimya kwa maombi mpaka mwanawe amalize. Na Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili, akitoka kwenye pepa la mwisho, mama atakuja mwenyewe kumchukua. Mwenyewe. Kaniambia kwa mdomo wake.

Uso wake! Sijawahi kumpa mtoto kitu akakipokea namna ile. Alinishika mkono akaubusu. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nadhiri — sijui niliitoa wapi, ilikuja tu, na ilikuwa nzuri. Inawafaa watu wa kanisani, haiulizwi maswali.

Nilipomweleza Yonathani akavua miwani. "Kunyamaza tulikubaliana, madam," akasema. "Kumfufua hatukukubaliana."

Nikamuuliza yeye ana wazo gani bora. Hana. Huwa hana.


Jumatatu, 11 Novemba

Pepa la kwanza. Ameingia. Ametoka anacheka, kalamu nyuma ya sikio. Anasema maswali yalikuwa kama yameandikwa kwa ajili yake.

Mkurugenzi amenitumia nguo. Kitenge cha Kongo.


Alhamisi, 14 Novemba

Dina amejua. Mjomba wake wa Isansa alikuwa mazikoni, na leo amekuja kumletea kandambili — kandambili! — akamwambia pole ya rafiki yako. Dina kaingia pepa la mchana akalia juu ya karatasi ya majibu mpaka msimamizi kutoka nje akaniita nimtoe akanawe uso.

Nilimpeleka nyuma ya matanki ya maji. Nilimwambia polepole ili aelewe. Ukifungua mdomo, Tusekile akafeli, ni wewe umemfelisha. Si mtihani, si msiba. Wewe. Na mama yake huko aliko atajua ni wewe.

Akasema, "Lakini madam, ananiuliza zawadi gani amnunulie mama Ijumaa hiyo."

Nikamwambia amsaidie kuchagua.

Jioni nimepita bwenini. Tusekile alikuwa amekaa kwenye kitanda cha Dina, anamlisha ndizi vipande vipande, anamwambia usikate tamaa, tumekaribia nyumbani. Anadhani mwenzake anaogopa Hesabu. Dina alikuwa ananitazama mimi juu ya bega la Tusekile huku anatafuna. Amekonda ghafla huyu mtoto. Alikuwa mtoto wa daraja la pili, sasa sijui.

Mmoja akiyumba kidogo ili mwingine asimame. Sidhani kama ni hesabu mbaya. Kwenye semina hawakuifundisha, lakini ndivyo shule zote zinavyoendeshwa.


Jumanne, 19 Novemba

Tusekile mapepa yote anatoka anacheka. Wengine wanamwonea wivu. Anafua nguo zake kila jioni, anazianika, anazikunja chini ya godoro zinyooke. Kamwomba matroni kipande cha kioo.

Leo kanifuata ofisini. Nilidhani ana swali la Biolojia. Akasema amekuja kunishukuru. Kwamba bila mimi angekuwa na mawazo, angeshindwa. Kwamba akimaliza atamleta mama yake ofisini kwangu anisalimie, waje na kahawa ya shambani kwao.

Nikasema sawa, mwanangu.

Alipotoka niligundua nimekaa vibaya, mguu umekufa ganzi. Sikuwa nimejitikisa muda wote aliokuwa anaongea.

Nimempigia simu mzee Eliakim. Nimemwambia Ijumaa aje saa nane, aje na Aida, aje na mchungaji wao. Mchungaji ndiye atakayesema. Mimi kazi yangu itakuwa imeisha. Mzee aliitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, kisha akauliza kama mtoto anakula. Anakula, baba. Anakula kuliko wote.


Ijumaa, 22 Novemba

Naandika nikiwa ofisini, mchana kweupe, mlango nimeufunga kwa ndani. Sina la kufanya na mikono yangu.

Pepa la mwisho lilikwisha mchana. Walitoka wanarukaruka, wanamwagiana unga na maji, wanachaniana mashati. Tusekile hakumwagiwa — aliwaomba wasimchafue. Alikwenda kuoga. Akavaa gauni la Jumapili.

Mzee Eliakim na Aida walifika na gari la kukodi. Mchungaji hayupo. Gari lake limeharibikia Vwawa, anasema anakuja. Tukamsubiri. Yonathani akasema yeye anakwenda kumtazama mchungaji barabarani, akachukua kofia akaondoka, na mpaka sasa anamtazama huko barabarani. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi, kila akifungua mdomo taya linacheza. Aida amejifunika kanga mpaka machoni.

Tusekile akagonga hodi. Akaingia, akawaona wawili. Shikamoo baba, shikamoo shangazi. Akatazama nyuma ya mlango. Akatazama dirishani, kwenye gari.

Basi nikasema mimi. Nilitumia sauti ya darasani, sikupata nyingine. Nikasema mama yako alifariki, Tusekile. Tulificha kwa ajili yako. Alitaka usome.

"Lini?"

Nikamwambia tarehe mbili, na kwamba walimzika kesho yake, saa tisa.

Nilimwona anahesabu, kama anavyohesabu akipewa swali refu, midomo inacheza kidogo. Niliyajua yote anayoyapitia, moja baada ya jingine, mpaka akafika uwanjani, kwenye kipaza sauti. Hapo alifumba macho. Baba yake akaangua kilio, safari hii kwa sauti. Aida naye. Mimi nilikuwa nimejiandaa — nilikuwa na maji, nilikuwa na kiti, nilimweka matroni nje ya mlango kumdaka akianguka. Nimeona wengi wakianguka. Wanaanguka, wanapiga kelele, wanabebwa, wanaingizwa garini, basi.

Hakuanguka. Alisema, "Asante, madam." Akatoka.

Alikwenda bwenini akatoka na sanduku lake la bati kichwani na godoro limefungwa kamba. Nikasema afadhali, anaondoka. Akafika getini, akaweka sanduku chini, upande wa nje, palepale wazazi wanapoingilia. Akalikalia. Akakunja gauni magotini.

Baba yake akamfuata akamwambia twende mwanangu. Nilikuwa nyuma yao, nilisikia.

"Tangulieni, baba," akasema. "Mimi namsubiri mama. Madam alisema atakuja mwenyewe kunichukua."

Nilidhani kichwa kimeruka. Niliinama nikamtazama machoni, nikamuuliza leo tarehe ngapi, pepa la leo lilianza na swali gani. Akajibu vyote. Akanitajia mpaka alama za swali. Akili yake timamu kabisa, wala halii. Nikamwambia Tusekile, si nimekueleza sasa hivi? Akasema nimekusikia, madam. Ila na ile siku nilikusikia.

Nikamwamuru asimame. Hakusimama. Nimekuwa mwalimu miaka yote hii, hakuna mtoto niliyemwambia simama akabaki ameketi. Mtihani umekwisha, hana uniform. Nimfukuze wapi?

Mzee Eliakim ameketi chini, kwenye vumbi, kando ya sanduku. Aida yuko garini, dereva anapiga honi.

Na wazazi ndiyo wanafika. Siku ya kuchukua watoto, wanakuja kutoka Chapwa, kutoka Vwawa, kutoka Ileje, kila mmoja lazima apite pale. Wanamjua — ni yule wa kwenye bango. Wanasimama, wanamsalimia. Hujambo binti, hongera kwa kumaliza, unamsubiri nani? Anainuka, anapiga goti, anasema shikamoo. Anasema namsubiri mama yangu. Alizikwa tarehe tatu, lakini Madam Ketrina ameniambia anakuja leo. Anasema vilevile kila mara, kwa heshima ileile, hapandishi sauti wala hashushi. Kisha anawaonyesha ofisi yangu iko wapi.

Dina ametoka na begi lake akaliweka chini, akakaa naye kwenye sanduku. Mama yake anamvuta mkono, haondoki.

Nimempigia Mkurugenzi. Yuko ng'ambo, kelele za malori. Nikamweleza. Akasema madam, wewe ndiye mtaalamu, mwambie chochote.

Chochote! Nimekaa hapa natafuta. Nimefungua mdomo peke yangu nione litatoka neno gani. Halitoki.

Wamekuwa wengi sasa pale getini. Hawaingii kuchukua watoto wao, wamesimama tu wanamsikiliza. Baba mmoja mwenye koti la kijivu ameinama kumsalimia. Tusekile anamjibu. Ananyoosha mkono.

Wote wanatazama huku.